Port ya Kegonga na Port ya Remba

Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni Kegonga ananiuliza habari za Remba, na kila nikianza kueleza mteja anaingia, hadithi inakatika. Wengine wenu mmeambiwa nilikamatwa na polisi kwa ajili ya uchawi. Wengine mmesikia nilizama. Basi nimeamua kuandika yote mara moja. Msome kwa wakati wenu, mniache nipike chapati zangu kwa amani.

Kwanza kwa wasiojua. Kabla sijarudi nyumbani na kufungua hoteli yangu ndogo, nilifanya kazi miaka mingi katika hoteli kubwa Nairobi. Tulikuwa watatu tulioshika mambo ya mvinyo. Mimi Robi nilisimamia meza, Nashon wa Migori alitunza stoo ya chini ambako chupa zililala gizani, na Okeyo aliwahudumia wageni na kuwachagulia cha kunywa. Huko ndiko tulikoshikwa na ugonjwa wa port. Port ni mvinyo wa Ureno, mtamu na mzito, unaotiwa pombe kali kabla haujamaliza kuchachuka. Ule wa mwaka mzuri hutiwa chupani na kuachwa ukomae, miaka na miaka, mpaka wanaouweka wenyewe wanazeeka. Hoteli ilipopata wamiliki wapya, hawakuwa na haja na chupa kuukuu, wakatugawia zilizobaki kama zawadi ya kutuaga. Kila mwaka tangu hapo tumekuwa tukikutana, tunafungua mbili tatu, tunazilinganisha na kubishana kama watu wanaonunua ng'ombe.

Mwisho zikabaki mbili. Zilikuwa pacha: mtengenezaji mmoja, mwaka mmoja, sanduku moja. Moja niliiweka mimi Kegonga kwenye baridi, nyingine akaiweka Okeyo kando ya ziwa kwenye joto. Tulikubaliana kwamba siku moja tutazionja pamoja, tujue mahali panaufanyia mvinyo nini.

Mwaka huu Okeyo hakupiga simu. Nikasikia amehamia Remba, kisiwa cha wavuvi, kwa mkewe anayefanya biashara ya omena, dagaa wa ziwani. Nilicheka, nikadhani ni porojo. Huyu ndiye Okeyo aliyewahi kumrudisha mhudumu nyumbani akaoge kwa sababu alijipaka losheni ya waridi na kuharibu harufu ya mvinyo mezani. Remba omena zinaanikwa kila mahali pa kuanikwa. Mtu wa pua kama yake angekaaje pale?

Kisha Mama Akinyi, mkewe, akanipigia.

"Dada Robi, nataka nikuambie kitu, lakini usiseme ni mimi nimesema. Ile homa ilimshika mwaka jana ilienda na pua yake. Hasikii harufu ya kitu. Juzi sufuria imeungua mpaka majirani wamekimbia kuja, na yeye ameketi tu hapo karibu. Hataki mjue. Anasema port imeisha na nyinyi pia mmeisha. Siku hizi anakaa tu anaangalia maji. Kujeni, tafadhali."

Nilikata simu nikakaa kwenye gunia la unga. Nataka mjue kwamba sikusafiri kwa ajili ya kunywa. Nilienda kumrudisha rafiki yangu kabla hajapotea kabisa. Chupa ilikuwa kisingizio, ingawa kisingizio chenyewe nilikibeba kama mtoto mchanga.

Kegonga hadi Migori

Port ya zamani ina mashapo, ule uchafu mzito unaotulia chini. Ukiitikisa, uchafu unapanda na unakunywa matope. Kwa hiyo niliisimamisha chupa nyuma ya magunia kwa siku kadhaa itulie, nikaifunga kwa shali ya mjukuu, nikapanda Probox ya asubuhi na kuikumbatia mapajani. Dereva nilimwambia akiona shimo aende polepole. Akaniuliza kama nimebeba mayai.

Tulikuwa hatujafika mbali tukasimamishwa na polisi. Ukiwa karibu na mpaka wa Tanzania hilo si jambo la ajabu. Afisa kijana aliinama dirishani akaangalia shali.

"Mama, hiyo umefunika ni nini?"

"Mvinyo."

"Hebu fungua tuone."

Nikafunua. Sasa niwaeleze alichokiona. Chupa nyeusi, vumbi la miaka limeganda, nta imemeguka shingoni, na ubavuni mstari mnene wa rangi nyeupe. Mstari huo huchorwa ili kila anayeilaza chupa ailaze upande uleule siku zote. Lakini kwa mtu asiyejua, sikatai, ilitisha. Afisa alirudi nyuma.

"Hii ni mvinyo ya wapi iko na alama?"

"Ya Ureno."

"Kwani Ureno pia wako na waganga?"

Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akasema haraka, "Afande, mimi huyu mama simjui. Tumekutana tu hapo stage."

Afisa akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akaitazama, naye hakutaka kuigusa. Akaniamuru niitikise asikie kama ndani kuna kitu kigumu. Hapo hasira ikanipanda.

"Niitikise? Afadhali unitikise mimi."

"Iko na miaka ngapi?"

"Inakuzidi wewe."

Akacheka, na wenzake wakacheka. "Sasa mama, kitu imekaa miaka hiyo yote, si imeharibika?"

"Hilo ndilo naenda kujua," nikamwambia.

Wakaturuhusu. Lakini abiria wa nyuma walikuwa wameshashuka wote kungojea gari lingine, wala kubembeleza hakukusaidia. Dereva akanuna hadi Migori. Mimi nilipata nafasi ya kutosha, na chupa ilisafiri vizuri.

Migori, kwa Nashon

Nashon ni Msabato wa kweli kweli, na hili huwashangaza watu. Katika miaka yote niliyomjua hajawahi kumeza tone la mvinyo. Anainusa, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye mkebe wake, kisha anakuambia ilikuwa mwaka gani. Kanisani kwake wapo wanaomwona mtu wa ajabu. Yeye huwajibu kwamba kinachoingia ndicho kinachohesabika, na kwake hakijawahi kuingia kitu.

Nilimkuta dukani kwake, anakouza sare za shule, amefunga glasi zetu katika mkebe wa biskuti uliojazwa pumba za mahindi. Mkewe alikuwa ametupikia aliya, ile nyama ya kukausha juani, ikachemshwa na kutiwa siagi, pamoja na mboga ya osuga na ugali mweusi wa mtama. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda.

Baada ya chakula nilimwambia habari za pua ya Okeyo, bila kusema nimezipata wapi.

"Ndiyo maana hashiki simu yangu," Nashon akasema. "Sasa tukifika tunamwambia tunajua?"

"Sijui. Tutaona."

"Robi, unanijua mimi siwezi kusema uongo."

"Hakuna aliyekuambia useme uongo. Wewe nyamaza tu."

Akafikiri. "Kunyamaza naweza."

Tukaona tumekubaliana, tukalala na mioyo myepesi. Nikikumbuka sasa naona aibu jinsi tulivyojisifu kwa kuwa waangalifu.

Homa Bay, Sabato ikiingia

Tulitoka Migori Ijumaa tukidhani tutalala Mbita. Gari likatoboka gurudumu, gurudumu la akiba likawa halina upepo, fundi akatafutwa kama mchumba. Mimi nilikuwa nikiangalia saa. Nashon alikuwa akiangalia jua. Tulipoingia Homa Bay alinigusa bega.

"Mimi siendi mbele tena. Jua likizama ni Sabato."

Nilijua hakuna la kubishana. Tukaenda kwa binamu yake, Mama Phoebe, mwanamke mkarimu mwenye sauti kubwa, akatupokea kama waliotumwa na mbingu. Nilimwambia tunaenda kumwona rafiki mgonjwa kisiwani. Nikaisimamisha chupa yangu juu ya kabati, nikaenda kuoga.

Wasabato wanajua Ijumaa jioni ni saa za mbio. Kila kitu lazima kioshwe, kipikwe, kipangwe kabla jua halijazama, kwa sababu baada ya hapo hakuna kazi. Nyumba nzima ilikuwa ikipigwa deki. Nilitoka bafuni nikasikia sauti ya chuma kikisugua kioo, nikaingia jikoni na kanga mabegani.

Mama Phoebe alikuwa amemaliza. Vyombo vyote viling'aa. Katikati ya vikombe, kwenye kichanja cha vyombo, ilikuwa chupa yangu, imesimama kwa kichwa, inachuruzika maji. Mstari mweupe ulikuwa umekwenda. Karatasi ya jina ilikuwa imekwenda. Vumbi la miaka yote lilikuwa kwenye karai.

"Dada, chupa yako ilikuwa na uchafu," akasema kwa furaha. "Nimeisugua na steel wool. Mgonjwa hawezi kupelekewa dawa kwa kitu kichafu hivyo."

Nilitaka kulia, nilitaka kupiga kelele, na mbele yangu alikuwa mwanamke aliyeacha kazi zake jua likizama ili aoshe chupa ya mgeni. Nashon alichungulia mlangoni, akaona, akafumba macho.

"Aliitikisa pia?" akaninong'oneza.

"Angalia imesimamaje."

Tulipokaa kuifungua Sabato kwa wimbo na maombi, Mama Phoebe aliombea wasafiri, akamwombea mgonjwa, kisha akaiombea chupa. Alimwomba Mungu aiwekee nguvu dawa iliyomo ndani. Nikasema amina, na niliisema kwa moyo. Hasira yangu iliishia hapo, na tangu siku hiyo nampenda mwanamke yule.

Kesho yake nilienda nao kanisani, mimi Mkatoliki, nikapewa kiti cha mbele. Tukala chakula kilichopikwa jana, maharagwe na wali, vikiwa vimepoa, na vilikuwa vitamu. Chupa ilikaa juu ya kabati siku nzima bila kuguswa na mtu, kwa sababu kuigusa ingekuwa kazi. Nikafikiri labda Sabato imeifaa kuliko kila mtu mle nyumbani, maana mashapo yalipata kutulia.

Mbita

Jumapili tulifika Mbita mapema, na hapo tukangoja. Boti la Remba halina saa. Linaondoka mzigo ukitosha, na mzigo wa siku hiyo ulikuwa mabonge ya barafu, kreti za soda, nyanya, na seti ya sofa mpya bado imevaa plastiki yake. Tulikula ngege wa kukaanga kwenye kibanda, samaki mzima na ugali, tukanywa chai mara mbili, nyanya zikawa hazijaja. Nashon aliniuliza kwa nini naangalia maji hivyo. Nikamwambia kwetu Kegonga maji mengi kuliko yote ni yale ya kwenye pipa.

Hatimaye kijana wa boti akaniita. "Mathe, wewe kaa hapo kwa sofa. Hiyo ni VIP."

Basi ndivyo nilivyovuka ziwa, waliosema nilizama wasikie. Nilikaa kwenye sofa ya mtu nisiyemjua, na jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, chupa katikati ya miguu. Kila wimbi lilipotupiga plastiki ilinitelezesha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilisali rozari nzima. Nashon alikuwa kwenye kreti za soda, kijani usoni.

Tukiwa bado hatuoni kitu, nilimuuliza kijana kama tumekaribia.

"Remba huioni kwanza," akasema. "Unainusa."

Na kweli ilikuja, nikaelewa kwa nini hawahitaji mnara wa taa. Harufu ya omena, zilizo mbichi na zilizokauka na zilizolala, ikichanganyika na moshi na dizeli. Nashon alitoa leso akaiziba pua. Kisha kisiwa kikatokea, mwamba uliofunikwa na mabati mpaka ukingoni.

Remba

Okeyo alikuwa akitungojea majini, suruali imekunjwa; mkewe alikuwa amemwambia tu kwamba tunakuja kuonja. Alikuwa amekonda. Alinishika mkono kunishusha, hakuuachia upesi.

"Nyar Kuria," akaniita, yaani binti wa Wakuria. "Umevuka maji yote haya juu ya sofa."

"Ningekuja kwa kitanda kama ungeshika simu."

Akacheka, lakini macho yake yalienda kwenye leso ya Nashon. Nashon akaitia mfukoni haraka, akakohoa. Tukapita katikati ya nyavu zilizotandazwa chini, omena zikimetameta kila upande, wanawake wakizigeuza. Tulipokaribia nyumba Mama Akinyi alinikumbatia, akanifinya mkono. Maana yake niliijua.

Tulikula omena za nyanya na vitunguu na ugali wa moto. Okeyo alisifu chakula sana, kupita kiasi, akitaja kila kilichotiwa ndani. Mkewe alikuwa akitazama sahani yake. Nilimwelewa. Kumtazama mtu mzima akijifanya kwa mkewe mwenyewe si kitu chepesi.

"Port imeisha," Okeyo aliniambia baadaye. "Nimezeeka. Pesa za mvinyo ni za vijana."

"Mimi sikuibeba hii kutoka Kegonga ili ikalale chini ya kitanda chako. Pacha wake yuko wapi?"

Alisitasita, kisha akainama, akaitoa chini ya kitanda. Nyumba ni ya mabati tupu, na jua la Remba halina huruma. Nilipoishika ile chupa ilikuwa na joto. Nikairudisha.

"Na yako imefanywa nini?" akauliza akigeuza ya kwangu iliyong'aa. "Hii imebatizwa?"

Tukamweleza habari za Mama Phoebe. Hapo alicheka mpaka machozi, na kwa muda mfupi alikuwa Okeyo wetu.

Ziwani

Tulionja asubuhi, kabla joto halijapanda, kama tulivyofundishwa. Okeyo alivuta vizibo vyote viwili mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumzidi mkono kwa kazi hiyo. Nashon alishika tochi nyuma ya shingo ya chupa, Okeyo akamimina polepole kwenye jagi kupitia kitambaa safi, akaacha mashapo yalipojitokeza. Ya kwake haikuwa na mengi. Ya kwangu, kwa baraka za Mama Phoebe, ilikuwa nayo ya kutosha. Niliinama juu ya majagi nikavuta pumzi. Nilisikia omena tu.

"Hapa hatuwezi kunusa kitu," Nashon akasema.

"Kwa nini?" Okeyo akauliza.

Mama Akinyi alishughulika na jiko ambalo halikuwa na moto. Okeyo alitutazama mmoja mmoja, kisha akacheka upesi. "Ah. Omena. Mimi nimezoea."

Tukaazima boti la jirani, tukaenda upande upepo unakotoka mpaka harufu ikaisha, tukazima injini. Tulikuwa watatu, majagi mawili yamefunikwa, na mkebe wa Nashon. Okeyo akamimina ya kwake kwanza. Nikainua glasi.

Ilikuwa imekufa. Hakuna neno lingine. Ilinuka siki, na ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, na sukari iliyoungulia sufuriani. Nilimwangalia Nashon. Nashon alikuwa akiangalia maji.

Okeyo aliizungusha glasi yake, akaweka pua ndani, akafumba macho kama zamani. Akanywa kidogo. "Tini zilizokaushwa," akasema. "Asali ya msituni. Na mwisho kabisa, ngozi, kama kiti kipya. Imekaa vizuri, kumbe. Robi, wewe unapata nini?"

Aliniangalia usoni. Nilikumbuka sauti ya mkewe kwenye simu. Nilikumbuka jinsi alivyokonda. Nikafikiri, mtu huyu amebakiwa na nini, na mimi ni nani wa kumnyang'anya?

"Tini," nikasema. "Na asali."

"Nashon?"

Nashon aliionja, akaitema, akajifuta mdomo taratibu. "Iko na nguvu," akasema.

Okeyo alitikisa kichwa. Kisha akaimwaga glasi yake ziwani, akachukua ya kwangu akaimwaga, akachukua ya Nashon.

"Ni siki," akasema. "Kizibo kilipotoka hakikushindana nami hata kidogo. Kilikuwa kimelainika. Nikajua hewa imeingia kitambo. Hapa nimeonja, na ni kali. Pua ndiyo imeenda, Robi. Ulimi haujaenda. Chachu na tamu bado najua."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kama angekuwa nayo.

"Ni nani amewaambia?"

"Hatukutaka kukuumiza," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza. Hapa nyumbani wananihurumia kutwa. Chakula nikisifu wanakubali, nikikosea wanakubali. Nilijua mkija mtakubali pia. Ile tini nimesema nikiwangojea. Nilitaka mmoja wenu tu aseme, Okeyo, wacha upuzi, hii imeoza." Aligeuza glasi tupu mkononi. "Mimi sasa sina pua isipokuwa zenu. Mkinidanganya, ninakunywa nini?"

Nililia, na sikujificha.

Aliyeanza kusema alikuwa Nashon. "Ni siki, omera, ndugu yangu. Ni siki na dawa ya kucha, na imeungua. Umeiweka chini ya mabati kama vile unakausha samaki. Stoo yangu ungefanya hivyo ningekufukuza kazi."

Okeyo alimtazama. "Ungenifukuza wewe? Wewe hujawahi kumeza hata kitu kimoja ujue kinaishia wapi."

"Kinaishia vibaya, hiyo yako."

"Ningetoa wapi nyumba ya mawe, Remba hii?"

"Hata shimo hukuchimba."

"Kwa mwamba? Nichimbe na meno?"

Wakaanza kubishana, sauti juu, boti likayumba nikashika ukingo. Nilikaa pale nikiwasikiliza, uso umelowa, na nilifurahi. Walikuwa wakibishana kama kawaida yao, na hakuna aliyekuwa akimchagulia Okeyo maneno.

Ilipotulia, Okeyo alifunua jagi la pili akamimina. Rangi yake ilikuwa imefifia kuwa ya matofali, safi. Alinipa glasi yangu na kushika yake.

"Sasa hii ya Kegonga. Sema wewe. Sema yote, na usinipunguzie."

Niliinusa, na moyo ukaniuma. Kwa sababu ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko port yoyote tuliyofungua tangu tujuane. Nikaona kwamba kudanganya tini na asali kulikuwa kazi nyepesi, na hii ndiyo ngumu, kumwambia mtu uzuri wote wa kitu kilicho chini ya pua yake naye hawezi kukipata. Kidogo niseme ni ya kawaida. Yeye alikuwa ameshatia mdomoni funda moja, analishikilia, ananitazama, anangoja.

Nikaanza. Nikamwambia kwanza inakuja sukari nguru, ile inayochemka kwenye karai kubwa, kabla haijaganda. Chini yake kuna ganda la chungwa lililokaushwa. Nikamwambia kuna tumbaku, si ya kuvuta, ile inayoning'inia bandani kwetu ikianza kukauka. Nikamwambia kuna zabibu nyeusi zimepikwa mpaka zikapasuka, na kahawa, lakini kahawa iko mbali, kama inakaangwa kwa jirani. Nikamwambia na kuna chembechembe kwenye ulimi, hiyo ni ya Mama Phoebe. Nilipokwenda mbio aliinua kidole, nikarudi nyuma, nikasema tena habari za chungwa polepole. Nashon akaongeza mdalasini, nikakataa, tukalizungumza hilo, Okeyo akigeuza macho kwake na kwangu.

Funda lake lilikuwa bado mdomoni. Hakulimeza mpaka nilipomwambia nimemaliza.